Kabla Hujaongeza Shilingi Kumi kwa Shati

Novemba mwaka juzi nilipandisha malipo ya kushona shati la shule kutoka shilingi 60 hadi 70. Karakana yangu iko hapa Nakuru, ghorofa ya kwanza, hatua chache kutoka Top Market: mafundi kumi na mmoja, vyerehani tisa, ovaloki mbili na meza moja ya kukatia. Kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Januari ndipo tunapokula. Ukiupoteza msimu huo, mwaka mzima unabaki kukunja mapindo ya suruali za watu. Nikapiga hesabu zangu: nikiongeza kumi, kila fundi atatoka mashati kumi na manne kwa siku afike kumi na manane.

Jumamosi ya kwanza nikafungua daftari. Kumi na manne. Jumamosi ya pili, kumi na manne tena, mstari mzima, kama watu waliopanga. Mmoja tu alikuwa amefikisha kumi na sita, na siku hiyohiyo nilimsikia wa cherehani ya pili akimuuliza kwa sauti ya chini, "Wewe unakimbizwa na nani?"

Nikiwa na miaka arobaini na saba nilijisajili masomo ya jioni ya usimamizi. Mwalimu alichora ubaoni pembetatu ya Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyepanga mahitaji ya mtu kwa ngazi, tukainakili kwa rula, nikapita mtihani. Kesho yake nikarudi karakanani nikaendelea kuwapigia watu kelele. Ni ule mwezi wa mashati kumi na manne ndio ulionirudisha kwenye yale madaftari, safari hii kama mtu anayetafuta ugonjwa, si anayetafuta maksi.

Nayaandika haya kwa mwenye watu watano, kumi, ishirini: mwenye hoteli, gereji, saluni, duka la vipuri. Sitafuata mpangilio wa vitabu. Nitaanza pale ambapo mimi ningeanza kama ningerudishiwa ule mwaka.

Tafuta ahadi uliyoivunja

Nilimtafuta Fundi Kola. (Watu wangu nitawaita kwa wanachoshona, majina yao ni yao.) Ni mama wa miaka hamsini na kitu, amenishonea tangu nikiwa na vyerehani vitatu. Sikumwita ofisini kwa sababu sina ofisi, na hata ningekuwa nayo, mtu akiitwa ofisini huja na jibu alilolipiga pasi. Tulitembea pamoja jioni hadi steji. Nikamuuliza, "Mama, shati sasa ni sabini. Mbona hatusongi?" Akanyamaza mpaka tukavuka barabara.

"Madam, mwaka ule tulikimbia, ukatushusha."

Ni kweli. Msimu uliotangulia nilikuwa nalipa 75. Wakaongeza kasi, wiki moja mmoja wao akaondoka na pesa nyingi kuliko nilizobaki nazo mimi mwenye karakana, nikaingiwa na uchungu, na katikati ya Desemba nikashusha hadi 60. Mimi nilikuwa nimesahau.

Jambo hili lina umri. Frederick Taylor, Mmarekani ambaye watu humkumbuka kwa kupima kazi kwa saa na kulipa kwa kipande, alikuwa kibarua kisha msimamizi katika kiwanda cha chuma cha Midvale kule Philadelphia. Aliliona kwa macho yake: watu hupunguza mwendo makusudi kwa kuwa wanajua wakiongeza, tajiri atakata bei. Wanaomtaja hutaja zaidi ile hadithi aliyoitoa mwaka 1911, ya kibarua aliyetoka kubeba tani 12 na nusu za chuma kwa siku akafika 47 baada ya kuongezwa ujira. Sehemu ya kukata bei hurukwa.

Kisha kuna Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, kilichofanyiwa utafiti kuanzia 1924 hadi 1932. Kila mwanafunzi anakumbuka taa: zikiongezwa kazi inapanda, zikipunguzwa inapanda vilevile, kwa sababu watu wanaona wanaangaliwa. Mimi nilishikwa na chumba cha mwisho, cha wanaume 14 waliounga nyaya za mitambo ya simu kuanzia 1931. Malipo yao yalipanda na kazi ya kundi zima, lakini walikuwa na kiwango chao walichokubaliana bila kikao. Aliyekizidi alipewa majina, akachekwa, akapigwa ngumi ya mkononi. Niliposoma hapo nilimsikia kabisa yule wa cherehani ya pili.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote, andika kila ulichowahi kuwaahidi, hata kwa mdomo, hata ukiwa na haraka. Ukikuta ulichovunja, kiseme mbele yao kwa sentensi moja bila kujitetea, kisha funga bei. Niliandika bei za msimu mzima kwenye karatasi ya manila: shati 70, kaptura 80, sketi ya marinda 110, hazishuki hadi Machi hata mtu ashone arobaini kwa siku. Nikatia sahihi, wawili wao wakatia, tukaibandika juu ya meza ya pasi. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, walikuwa wananipima. Ya tatu, daftari likaanza kuonyesha kumi na sita, kumi na saba.

Maswali mawili, mtu mmoja mmoja

Usimuulize mfanyakazi "una shida gani?" Utaambiwa "niko sawa, madam," na kesho yake anaacha kazi. Afadhali maswali ya Frederick Herzberg. Yeye na wenzake walizungumza na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Waliwauliza watu wasimulie siku walizojisikia vizuri mno kazini, na siku walizojisikia vibaya mno. Mimi niliuliza hivi: "Siku gani hapa ulirudi nyumbani umefurahia kazi yako kabisa? Na siku gani ulitamani usirudi?" Halafu nikafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kugumu. Usiandike mbele yake. Andika ukifika nyumbani.

Kero walizonitajia sikuzitarajia. Ya kwanza, ufunguo wa choo. Choo chetu tunakitumia na maduka mengine ya jengo, na nilikuwa nautundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya kiti changu. Maana yake mama mwenye wajukuu alilazimika kuja kuniomba ruhusa ya kwenda haja mbele ya wateja. Ya pili, benchi. Vyerehani vitatu vya dirishani vilitumia benchi moja refu. Akiinuka mmoja, wote wanatikisika, na mshono wa kola ukitikisika unapinda pale pale kwenye ncha, mahali ambapo mwalimu mkuu huangalia kwanza. Ya tatu, taa ya ovaloki ilikuwa inapepesa tangu Juni. Uzi wa bluu nyeusi, kitambaa cha bluu nyeusi, saa kumi na mbili jioni, taa inayopepesa. Jaribu wewe.

Nilichonga funguo tatu, nikanunua stuli tatu kwa seremala na taa moja. Vyote havikufika elfu nne. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kiti changu kilikuwa na mto.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hukosea. Hakuna aliyeshona shati moja zaidi kwa sababu ya ufunguo wa choo. Herzberg alisema wazi kwamba kuna mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mazingira, usimamizi, kanuni za kazi, mshahara: yakiwa mabaya watu wanachukia, yakiwa mazuri wanaacha tu kuchukia. Fungu la pili ni kazi yenyewe, kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana, kukua: haya ndiyo humwinua mtu asubuhi. Ukimpa mtu stuli ukategemea shukrani ya mashati, utaishia kumwita hana fadhila.

Na zile siku nzuri? Fundi Sketi alinisimulia siku alipogundua mwenyewe namna ya kugeuza kitambaa akaokoa robo mita kwa kila sketi mbili. Mzee wa pasi alikumbuka mwalimu mkuu mmoja aliyeshika shati akauliza kama tumelitoa kiwandani Nairobi. Hilo lilikuwa na miaka minne, na bado aliliigiza kwa sauti ya yule mwalimu.

Mahali nisipokubaliana na Herzberg ni kwenye mshahara. Wahandisi wa Pittsburgh walikuwa wanalipwa vya kutosha kuhesabu pesa kama kero ndogondogo. Mtu ambaye akilipa kodi, karo na nauli ya Kaptembwo anabaki na ya unga, pesa kwake hazikai fungu moja. Mkono mtupu haulambwi.

Tarehe

Maslow nitampita haraka. Aliandika makala yake mwaka 1943: mahitaji ya mwili, usalama, kupendwa na kuwa na wenzako, heshima, na mwisho kutimiza uliloumbiwa. Ile pembetatu tuliyoichora kwa rula hakuichora yeye. Walikuja kuichora wengine. Nami sijaona watu wakipanda ngazi hiyo kidato kwa kidato. Mzee wa pasi amewahi kudaiwa kodi miezi miwili na bado akarudisha mashati ishirini kwa sababu mikunjo ya mikono haikulingana. Heshima kwake haikungoja kodi ilipwe.

Lakini kidato cha chini kilinifundisha jambo moja la maana, nalo ni tarehe. Nilikuwa nalipa tarehe 7. Wenye nyumba wengi wanataka kodi kufikia tarehe 5. Kwa siku mbili kila mwezi, miaka sita, watu wangu walikuwa wakishona huku simu zikilia na hawazipokei. Nilihamisha malipo hadi tarehe 30. Gharama yake ilikuwa mwezi mmoja wa kujibana, basi. Kama huwezi kuongeza mshahara, angalia kwanza unaulipa lini.

Shilingi za jirani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza watu.

Machi mwaka jana nilimwajiri mkataji, kijana, kwa mshahara wa mwezi uliozidi wanachopata mafundi wengi kwa kipande. Nikamwambia asiseme. Tarehe 30 ujumbe wa M-Pesa ukaingia simu ikiwa kwenye meza ya kukatia, kioo juu. Kufikia saa nne ya chai kila mtu alijua hadi shilingi ya mwisho.

Hakuna aliyenilalamikia. Daftari halikushuka pia, na hilo ndilo lililonidanganya. Kilichopungua ni vile visivyoandikwa daftarini. Fundi Kola aliacha kuwafundisha wanagenzi, wakimuuliza anasema, "Mwulizeni mkataji, ndiye amesoma." Chai ya robo saa ikawa ya dakika ishirini na tano. Bobini zilizobaki na uzi nusu zikaanza kutupwa. Mei, wawili wakaondoka wiki moja.

John Stacey Adams, aliyekuwa mtafiti katika kampuni ya General Electric, aliandika kuhusu hali hii mwaka 1963. Mtu hapimi mshahara wake peke yake. Anaweka kwenye mzani anachotoa na anachopata, kisha anakiweka kando ya anachotoa na kupata mwenzake. Mzani ukiinama, atausawazisha kwa njia yoyote: atapunguza anachotoa, ataomba zaidi, atatafuta mwingine wa kujilinganisha naye, au ataondoka. Fundi Kola alipunguza. Wale wawili waliondoka.

Dawa si kulipa wote sawa. Dawa ni sababu ionekane. Nilichofanya, kwa kuchelewa, ni kumsimamisha mkataji mbele yao na jora la kitambaa. Akatandaza matabaka arobaini, akaweka kielelezo, akachora kwa chaki, akaniambia nishike mkasi wa stima. Sikuthubutu. Kosa moja hapo linaharibu mashati arobaini kwa pigo moja, ilhali kosa la kola unalifumua kwa wembe. Walielewa bila hotuba. Kisha nikafungua mlango: anayetaka kujifunza kukata, aje Jumamosi mchana, Juni atapimwa, akipita analipwa kama mkataji. Walikuja wawili. Mmoja alipita.

Mizani ina upande mwingine ambao mwalimu wa jioni hakuutaja. Hapa Nakuru karakana moja ina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mluo, Mkisii na Mturkana, na kila mmoja anahesabu. Mimi nilikuwa na tabia ya kuzungumza na wawili lugha ya nyumbani, mambo ya kawaida tu, mvua na mahindi. Nilikuja kugundua kwamba nikianza, miguu ya wengine husimama kwenye pedali. Walikuwa wakisikiliza kama kuna kazi inayogawanywa ambayo hawaielewi. Tangu hapo kazini ni Kiswahili, hata salamu. Na mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anafika saa tatu na kulipwa kama waliofika saa mbili, nilimtafutia kazi kwa mtu mwingine. Dada yangu alininunia hadi Pasaka.

Ataweza? Atapewa? Anaitaka?

Ukitaka kuweka bonasi, pitisha kwanza maswali haya matatu. Ni ya Victor Vroom, wa mwaka 1964, ingawa yeye aliyaeleza kwa hesabu. Mtu atajibidiisha iwapo anaamini juhudi yake itafikia kiwango, anaamini akikifikia atapewa ulichosema, na anakitaka hicho unachotoa. Uzuri wa nadharia hii ni kwamba ni ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Swali moja likiwa sifuri, jibu lote ni sifuri.

Bonasi yangu ya kwanza ilikuwa na sifuri mbili. Fundi wa cherehani ya tano hakuweza kufika kiwango kwa sababu cherehani yake ilikuwa inakata uzi kila shati la tatu. Bidii haitengenezi mashine. Na zawadi yenyewe ilikuwa kapu la Krismasi: unga, mafuta, sukari, mchele. Niliwauliza baadaye. Karibu wote walikuwa wanasafiri, Busia, Bomet, Kisii, na kapu la kilo kumi na mbili ndani ya matatu iliyojaa ni adhabu. Walichotaka ni kuachiliwa tarehe 19 badala ya 23, kabla nauli hazijapanda. Nikazigawa siku hizo kwa waliofikisha kiwango, wengine wakabaki kumalizia. Hakuna kapu lililowahi kufanya kazi hivyo.

Magogo ya Oklahoma

Edwin Locke na Gary Latham ndio walioshikilia jambo la lengo. Mfano wao mmoja utaupenda ukiwa umewahi kufuata lori la magogo ukiteremka kutoka Elburgon. Kule Oklahoma, Marekani, katika miaka ya 1970, madereva waliokuwa wakisomba magogo walikuwa wanapakia kama asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Kuambiwa "jitahidini" hakukubadilisha kitu. Wakawekewa lengo moja, asilimia 94, bila nyongeza ya malipo. Baada ya wiki kadhaa wakawa wanapakia karibu asilimia 90.

Mimi kwa miaka mingi lengo langu lilikuwa neno "haraka". Sasa ni ubao mweusi mlangoni: shule ipi, mashati mangapi, hadi Ijumaa saa ngapi, na yaliyokwisha yanaandikwa kila saa kumi jioni na yeyote aliye karibu na chaki. Lengo liwe gumu, lakini liwe lile ambalo watu wamelikubali kwa vinywa vyao. Ukiwatupia namba tu, ni zile kelele za zamani zilizoandikwa kwa chaki.

Tahadhari moja. Ukiweka lengo la idadi peke yake, utapata idadi peke yake. Januari moja vifungo vilidondoka kama mahindi. Tulirudishiwa mashati sitini. Tangu hapo ubaoni kuna safu mbili, yaliyoshonwa na yaliyorudi.

Mkebe wa hamsini

Kwa uchelewaji niliweka mkebe mlangoni: ukichelewa, tia shilingi hamsini. Mwezi wa kwanza uchelewaji ulipungua kidogo. Mwezi wa pili fundi mmoja akafika saa mbili na nusu, akatia hamsini, akaketi bila kusema pole. Zamani angeingia kwa kunyata akiomba msamaha. Sasa alikuwa mteja. Alikuwa amenunua nusu saa.

Baadaye nikasoma kwamba Uri Gneezy na Aldo Rustichini walieleza jambo hilihili mwaka 2000, kutoka vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wakatozwa faini, na waliochelewa wakaongezeka karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi chini. Pesa ilikuwa imebadilisha jina la jambo, kutoka aibu hadi bei. Edward Deci alionyesha upande mwingine mwaka 1971: wanafunzi waliolipwa kutegua fumbo walipungukiwa na hamu nalo malipo yalipokoma, kuliko wenzao ambao hawakulipwa kamwe.

Isitoshe, Sheria ya Ajira ya 2007 imetaja makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara, kwa hiyo usijitungie yako. Niliutoa mkebe. Nikagundua wanaochelewa ni wawili walewale, na wote wanapeleka watoto shule asubuhi. Sasa wanaingia saa mbili na nusu na kutoka saa kumi na moja na nusu. Maneno yakaisha.

Katika kikapu hikihiki weka kukagua mikoba. Nilipokuwa kijana nilishona kwa mtu aliyetupekua mlangoni kila jioni, wanawake hadi kwenye lesso. Uzi uliibwa hivyohivyo. Ulikuwa mchezo, kumshinda. Douglas McGregor, mwaka 1960, aliwagawa wasimamizi kwa wanachoamini: kuna wanaoamini mtu ni mvivu mpaka asukumwe, na wanaoamini mtu hupenda kazi akipewa nafasi. Alivipa vikundi hivyo herufi X na Y. Wa kwanza hupata wezi kwa sababu amewaajiri kama wezi. Mimi kabati la uzi halina kufuli, lina daftari.

Mtoto wa kola

Kwenye nadharia ya Hackman na Oldham ya 1976 kuna mambo matano yanayoifanya kazi iwe na uzito: iwe na ujuzi wa aina mbalimbali, uione mwanzo hadi mwisho, imguse mtu, uwe na uamuzi wako ndani yake, na ujue umeifanyaje. Kazi yetu ya kugawana vipande, huyu kola, yule mifuko, inaua matatu kati ya hayo. Fundi Kola alikuwa ameshona kola maelfu kwa maelfu na hajawahi kuona moja shingoni mwa mtoto.

Januari iliyopita nilimpandisha gari la mizigo tukapeleka sare shule moja upande wa Lanet. Watoto wapya walikuwa wamepanga foleni na mabegi yao. Mmoja, mdogo, alivalishwa shati juu ya fulana yake. Mama yake akamfungia kifungo cha juu, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama. Kola ya kushoto ilikuwa imeinuka. Fundi Kola akatoka alipokuwa amesimama, akapiga goti, akailaza kwa kidole gumba mara tatu, kama anavyofanya kabla ya kuipeleka kwenye pasi. Akamwambia mama, "Ukiifua, usiikamue hapa." Njiani kurudi hakusema kitu hadi Free Area, kisha akauliza kama tunaweza kubadilisha gamu ya kola, maana hii inalegea.

Kwa hiari yake, katikati ya msimu, alifumua dazeni mbili.

Adam Grant na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu wapiga simu wa chuo kimoja Marekani waliokuwa wakichangisha pesa. Walipokutanishwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa na pesa hizo, mwezi mmoja baadaye muda wao wa simu na pesa walizokusanya vilikuwa vimezidi mara mbili. Sasa kila kundi jipya la sare, fundi mmoja huenda na gari. Ninawazungusha. Pia Jumatano kila mmoja anashona nguo nzima, kuanzia kitambaa hadi kifungo, na kutia chaki ya jina lake kwa ndani. Tunapoteza kama mashati ishirini kwa wiki kwa utaratibu huo. Yanayorudi na kasoro yamepungua kwa zaidi ya hayo, kwa hesabu yangu.

Atakayeondoka hata ukifanya yote

David McClelland alisema watu hutofautiana katika kiu: wapo wenye kiu ya kufanikisha, wapo wa kupatana na wenzao, wapo wa kuwa na mamlaka. Fundi Sketi ni wa kwanza. Alikuwa na daftari lake la hesabu ndani ya mkoba, lenye namba safi kuliko zangu. Agosti aliniambia anafungua kibanda chake Free Area. Nilijaribu kumwongeza, akacheka kwa adabu.

Mtu wa namna hiyo mpe cheti chake cha utumishi, sheria inakudai, na mlipe kila kilicho chake siku ya mwisho mbele ya wenzake, maana wanaobaki wanatazama. Nilimuuzia pia cherehani ya zamani, alipe kidogokidogo. Msimu ukizidi nampelekea sketi za marinda kwa bodaboda, dazeni nne nne, kwa 130 kila moja.

Wa cherehani ya pili akaniuliza kwa nini yeye sketi ni 110. Nikamweleza kwamba kodi, stima na uzi ni vya yule wa Free Area. Akashona kimya hadi saa ya chai, kisha akauliza kibanda cha pale ni pesa ngapi kwa mwezi. Nikampa namba ya mwenye nyumba.